Utajiri wa Marekani haukuwakinga watu wa Kipnuk

Mwezi Oktoba 2025 mabaki ya Kimbunga Halong, kilichozaliwa upande wa Asia wa Bahari ya Pasifiki, yaliipiga pwani ya magharibi ya Alaska, jimbo la Marekani lililo kaskazini kabisa. Vijiji viwili vya Wayup'ik, wenyeji asilia wa pwani hiyo, yaani Kipnuk na Kwigillingok, ndivyo vilivyoumia kuliko vyote. Maji yalipanda zaidi ya mita 1.8 juu ya kiwango cha kawaida cha maji kujaa, nyumba ziking'oka kwenye misingi yake na kuelea gizani huku wenyewe wakiwa ndani. Mwanamke mmoja alikufa Kwigillingok na watu wawili waliripotiwa kupotea. Siku chache baadaye mamia ya wakazi walipakiwa kwenye ndege za jeshi na kupelekwa Anchorage, mji ulio mbali nao karibu kilomita 800, wakiwa wameacha nyuma mbwa, mashua na majokofu yaliyojaa samaki, nyama ya sili na matunda pori waliyoyakusanya kwa ajili ya majira yote ya baridi.

Huku kwetu habari hiyo ilipita haraka, na waliosimama kuijadili waligawanyika pande mbili. Wako waliosema kwamba mabadiliko ya tabianchi hayachagui tajiri wala maskini, kwamba hata Marekani imeonja. Wengine wakasema tusijisumbue nao: taifa lenye hazina kubwa namna ile litawajengea upya, sisi tulie na yetu. Naona pande zote mbili zimekosea, na kosa lao ni moja. Wanadhani ngao dhidi ya tabianchi ni pesa ya taifa, iwe imetosha au haikutosha. Vijiji vya Alaska havikuangushwa na uhaba wa pesa Washington, wala na ukaidi wa watu wasiotaka kubadilika. Viliangushwa na mpangilio wa maamuzi. Watu waliokuwa wakihamahama waliwekwa mahali pamoja na serikali. Walipoona mahali hapo panamomonyoka wakaomba wahame tena, na hapo wakagundua kwamba hakuna ofisi, sheria wala fungu la bajeti linalotambua ombi la namna hiyo. Mwenye kuelewa hilo ataelewa pia kwa nini fedha nyingi za tabianchi zinazoahidiwa Afrika zinaweza kuja na bado zisimwokoe mtu.

Tuanze na hali ya nchi yenyewe. Tangu mwaka 1979, satelaiti zilipoanza kutoa vipimo vya kuaminika, eneo la Aktiki, yaani kaskazini kabisa ya dunia, limepata joto kwa kasi inayokaribia mara nne ya wastani wa dunia. Kwa mkazi wa pwani jambo hilo lina maana mbili za moja kwa moja. Kwanza, barafu ya baharini, ambayo zamani iliganda mapema na kuzuia mawimbi yasifike ufukweni, sasa inachelewa. Dhoruba za vuli zilikuwepo tangu enzi za mababu. Kilichobadilika ni kwamba siku hizi zinakuta bahari iko wazi, na upepo unapata eneo kubwa la maji la kusukuma kuelekea nchi kavu. Pili, ardhi yenyewe. Sehemu kubwa ya delta ya mito Yukon na Kuskokwim, viliko vijiji hivi, ni udongo ulioshikamana kwa sababu ya barafu iliyomo ndani yake, barafu ambayo kwa maelfu ya miaka haikuwahi kuyeyuka. Ikiyeyuka, udongo unakosa kiungo. Nyumba inainama, njia za mbao za kutembelea zinazama matopeni, kingo za mto zinakatika kwa mabonge. Dhoruba ikikuta ardhi imeshashuka, maji yaleyale ambayo zamani yangeishia mlangoni yanapanda hadi dirishani.

Lakini kwa nini watu walijenga hapo? Swali hili huulizwa kwa sauti ya lawama, na jibu lake liko kwenye kumbukumbu za serikali. Wayup'ik, na Wainupiat wa kaskazini yao, walikuwa na makazi ya majira: kambi ya samaki kiangazi, kambi ya kuwinda majira ya machipuko, kijiji cha baridi penye hifadhi. Ardhi ya delta hubadilika, nao walibadilika pamoja nayo. Mfugaji wa Turkana au Karamoja hahitaji maelezo marefu kuelewa mantiki hiyo. Kisha ikaja shule. Kivalina, kijiji kilicho juu ya ukanda mwembamba wa mchanga katika Bahari ya Chukchi, kiligeuka makazi ya kudumu baada ya serikali kujenga shule pale mwaka 1905 na kuzitaka familia zipeleke watoto. Watu wa Newtok, kijiji kingine cha Wayup'ik, walisogea mahali pao mwaka 1949, na mojawapo ya sababu zinazotajwa kuhusu uchaguzi wa eneo lile ni kwamba hapo ndipo tishari lenye vifaa vya kujengea shule lilipoweza kufika. Shule yenyewe ikajengwa mwaka 1958. Kwa hiyo ardhi ilichaguliwa kwa kumfaa nahodha wa tishari. Waliokuja kuishi juu yake vizazi na vizazi hawakuwa na la kusema.

Kisa cha Newtok kinastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu ndicho kinachotajwa kila mahali kama mfano wa jamii iliyofanikiwa kuhama. Mto Ninglick ulikuwa ukila ukingo wake kwa wastani wa mita 20 hivi kwa mwaka. Mwaka 1994 wakazi, takriban 350, walianza kutafuta mahali pengine. Walichagua wenyewe Mertarvik, kwenye kisiwa cha Nelson, umbali wa kilomita 15 hivi, penye mwamba na chemchemi ya maji safi. Ardhi hiyo ilikuwa ndani ya hifadhi ya wanyamapori ya serikali kuu, hivyo walihitaji sheria ya Bunge kubadilishana nayo, na wakaipata mwaka 2003. Hadi hapo walikuwa wamefanya kila kitu ambacho vitabu vya kuhimili tabianchi vinafundisha: wametambua hatari mapema, wamekubaliana, wamechagua mahali salama, wamepata hati.

Familia za kwanza zilihamia Mertarvik Oktoba 2019. Za mwisho zilihama mwishoni mwa 2024. Miaka thelathini kwa safari ya kilomita kumi na tano! Kilichokula miaka hiyo ni taratibu. Hakukuwa na chombo hata kimoja cha serikali kuu chenye jukumu la kuhamisha kijiji, kwa hiyo halmashauri ndogo ya kijiji ililazimika kuunganisha vipande vya fedha kutoka idara moja hadi nyingine, kila moja ikiwa na fomu zake, mwaka wake wa fedha na masharti yake. Shule haikuweza kujengwa mahali pasipo na wanafunzi, na hakuna mzazi ambaye angewahamisha watoto kwenda mahali pasipo na shule. Kijiji cha zamani nacho kilikosa matengenezo, maana nani angeweka pesa mahali panapotarajiwa kuachwa? Watu wakaishi katikati: gati limeliwa na mto, dampo la taka limeliwa na mto, vinyesi vinabebwa kwa ndoo na kumwagwa mtoni, na mafuriko yakija yanarudi navyo hadi mlangoni.

Kikwazo kikubwa kuliko vyote kilikuwa kwenye sheria. Fedha nyingi za maafa nchini Marekani hupita katika sheria ya mwaka 1988 iitwayo Stafford Act, nayo hufunguka rais anapotangaza janga. Majanga inayoyajua ni ya ghafla: kimbunga, tetemeko, mafuriko, moto. Mmomonyoko wa mwaka hadi mwaka haumo, na kuyeyuka kwa ardhi hakumo. Newtok waliomba kutangaziwa janga kwa uharibifu uliojilimbikiza kwa zaidi ya muongo mmoja, na Januari 2017, katika siku za mwisho za utawala wa Obama, ombi likakataliwa. Yaani kijiji kinachoona hatari ikija miaka ishirini kabla kina haki ndogo kuliko kijiji kilichozolewa usiku mmoja. Kipnuk imefunguliwa mlango baada ya nyumba zake kuelea. Sheria ya aina hii inawapa watu sababu ya kungoja maafa, na sioni namna ya kuitetea.

Wala haiwezi kusemwa kwamba Washington haikujua. Ofisi ya uwajibikaji ya Bunge la Marekani iliripoti mwaka 2003 kwamba vijiji 184 kati ya 213 vya wenyeji wa Alaska vimeguswa na mafuriko na mmomonyoko. Mwaka 2009 ikarudi na kutaja vijiji 31 vinavyokabiliwa na hatari ya karibu.

Sasa tupime hoja za upande wa pili, tukianza na ile yenye uzito. Wahandisi wa jeshi la Marekani walikadiria, zaidi ya miaka kumi kabla familia ya kwanza haijahama, kwamba kuihamisha Newtok kungegharimu dola milioni 80 hadi 130. Kwa watu 350, kadirio la juu ni zaidi ya dola 370,000 kwa kila kichwa, mtoto mchanga akiwemo. Mlipa kodi wa Ohio ana haki ya kuuliza kama pesa hizo zisingeweza kumnunulia kila mtu nyumba nzuri Anchorage, karibu na hospitali na ajira. Ni swali halali na halijibiwi kwa kutaja utamaduni tu. Jibu langu lina sehemu tatu. Hesabu hiyo kwanza inaacha nje gharama ya kutohama: ndege za jeshi, kumbi za kulaza wahamishwa, miezi ya kodi za nyumba, usafishaji wa mafuta yaliyomwagika, na kisha ujenzi uleule kwenye ardhi ileile inayozama. Pili, inahesabu chakula kuwa sifuri. Kaya ya delta hula kutoka mtoni, baharini na nyikani, na jokofu lake la baridi ni akiba kamili ya familia; mhamishie mtu huyo mjini naye atageuka mnunuzi wa kila kitu, bila mshahara wa kununulia. Tatu, na hili ndilo linalonigusa zaidi, serikali haikuwa mtazamaji. Ndiyo iliyowakalisha pale. Aliyechagua mahali pabaya kwa niaba ya wengine hawezi kuja baadaye kuwauliza kwa nini gharama ya kuondoka ni kubwa.

Hata hivyo nakubali kwamba si kila mtu atataka kurudi. Baadhi ya familia zilizofika Anchorage zina watoto walioanza shule huko, na wapo watakaobaki kwa hiari yao. Kuhama mmoja mmoja ni haki kama kuhama kwa pamoja. Ninachopinga ni kumwachia mtu njia moja tu iliyobaki halafu kuiita hiari.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayodai kwamba wenyeji wa Aktiki wanashikilia mila na kukataa kubadilika. Rekodi zinasema kinyume kabisa. Kivalina walipiga kura ya kuhama mwaka 1992. Shishmaref, kijiji cha Alaska kilicho kisiwani, walipiga kura ya kuhama 2002, wakapiga tena 2016 na waliotaka kuondoka wakashinda kwa 89 dhidi ya 78. Wangali kisiwani, kwa sababu kura haijengi nyumba. Kivalina wakaenda mbali zaidi: mwaka 2008 waliyashtaki makampuni makubwa ya mafuta na nishati, ExxonMobil likiwemo, wakidai yalipie gharama za kuhama kwao. Mahakama zikasema suala hilo si la mahakama, na mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kulisikiliza. Watu waliopiga kura, wakatafuta ardhi, wakabisha hodi bungeni na mahakamani hawawezi kuitwa wakaidi.

Na wanaposhika usukani wenyewe, matokeo yanaonekana. Kanada, upande wa Nunatsiavut na Nunavut, kuna shirika la SmartICE ambalo huwafunza Wainuit, wenyeji asilia wa kaskazini ya Kanada, kuendesha vifaa vya kupima unene wa barafu, vingine vikipachikwa ndani ya barafu, vingine vikivutwa kwenye sleji nyuma ya pikipiki ya theluji. Vipimo hivyo huunganishwa na ujuzi wa wazee kuhusu mikondo na rangi ya barafu, kisha ramani zinarudi kijijini kabla vijana hawajatoka kuwinda. Katika jamii ya Sanikiluaq, kwenye Ghuba ya Hudson, ilianzishwa programu ya simu iitwayo SIKU ambamo wawindaji huandika hali ya barafu na wanyama, na taarifa hizo zinabaki mali yao. Hii ni sayansi inayofanywa na wenye shida yao, kwa maswali yao. Gharama yake ni ndogo ukiilinganisha na kuta za bahari, na inaokoa maisha kila msimu.

Kuna sura ya pili ya hoja hiyohiyo dhaifu, nayo imevaa mavazi ya sifa: kwamba watu hawa wameishi kwenye baridi maelfu ya miaka, basi watajua la kufanya. Sifa hii ina hatari kwa sababu inaiondolea serikali wajibu bila kumtukana mtu. Ustahimilivu wa mababu ulitegemea kuhama. Huwezi kumfunga mtu miguu kisha ukamsifu kwamba kabila lake ni hodari wa mbio.

Suala la fedha zilizofutwa nalo linahitaji kusemwa kwa uangalifu. Kipnuk ilikuwa imepewa ruzuku ya dola milioni 20 na shirika la serikali kuu la kulinda mazingira, EPA, kwa ajili ya kuimarisha kingo za mto. Mwezi Mei 2025 utawala wa Trump uliifuta. Dhoruba ilipokuja miezi mitano baadaye, wengi walirukia kusema kwamba kufutwa kule ndiko kulikoleta maafa. Hilo si kweli. Ujenzi usingekuwa umekamilika ndani ya muda huo, na kingo zilizoimarishwa hazikukusudiwa kuzuia mawimbi ya bahari ya kiwango kile. Wanaotetea vijiji hivi wanajidhuru wanapotumia hoja inayobomoka kwa swali moja. Ubaya wa kufutwa kule ni mwingine, na ni mkubwa zaidi: jamii inaweza kufanya maombi kwa miaka, ikashinda, ikaajiri watu, halafu kalamu moja upande wa pili wa bara ikafuta kila kitu. Mradi wa kuhimili tabianchi unaishi miaka kumi au ishirini. Utawala wa Marekani unaishi minne. Fedha inayotegemea hisani ya aliye madarakani haiwezi kubeba mradi wa namna hiyo, hata ikiwa nyingi kiasi gani.

Wapinzani watanyooshea kidole Mertarvik, na wana cha kuonyesha. Baadhi ya nyumba mpya zimekutwa na kasoro za misingi na unyevu, na familia nyingi zilihamia nyumba zisizo na maji ya bomba. Lakini tuangalie kasoro hizo zimetoka wapi: fedha zilizokuja kwa vipande, wakandarasi tofauti kwa awamu tofauti, na haraka ya mwisho baada ya kuchelewa kwa miongo mitatu. Mwaka 2022 utawala wa Biden uliipa Newtok dola milioni 25, na Napakiak, kijiji kingine cha delta hiyo, kiasi hichohicho. Zingefika mwaka 2003, baada ya ardhi kupatikana, zingejenga kwa utulivu. Zilipofika, mto ulikuwa umeshafika kwenye nyumba.

Nasisitiza nani anaamua kwa sababu Aktiki imeshaona uhamisho wa aina nyingine. Mwaka 1953 na 1955 serikali ya Kanada ilizihamisha familia za Wainuit kutoka Inukjuak, Quebec, hadi Grise Fiord na Resolute, zaidi ya kilomita 1,500 kaskazini, kwa ahadi ya mawindo tele. Walikuta giza la miezi na ardhi wasiyoijua. Radhi rasmi iliombwa mwaka 2010. Norwe nako, mitambo ya umeme wa upepo ilijengwa Fosen, kwenye malisho ya reindia (kulungu wafugwao wa kaskazini) ya Wasami, wenyeji asilia wa huko, kwa jina la kupambana na tabianchi. Oktoba 2021 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba vibali vyake vimevunja haki za wafugaji hao kiutamaduni. Katika visa vyote viwili nia iliyotangazwa ilikuwa njema na mipango ilikuwepo. Wenye ardhi na wenye mifugo ndio hawakuwa na neno la mwisho.

Kwetu sisi tulio karibu na ikweta jambo hili lina uzito wa aina mbili. La kwanza ni la kimaumbile. Barafu ya Greenland ni nzito kiasi kwamba huvuta maji ya bahari kuelekea kwake. Inapoyeyuka, mvuto huo unapungua na ardhi iliyokuwa chini yake inainuka, kwa hiyo bahari ya jirani yake hushuka, na ongezeko huelekea bahari za mbali, za tropiki zikiwemo. Maji yanayotoka Greenland yanafika Lamu, Pangani na delta ya Rufiji kwa kiwango kinachozidi wastani wa dunia, wakati mvuvi wa Nuuk, mji mkuu wa Greenland, anaona gati lake likizidi kuwa juu ya maji.

La pili ni la kisiasa. Mfuko wa Hasara na Uharibifu, uliokubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022 na kuanza Dubai mwaka uliofuata, ni kwa ajili ya nchi zinazoendelea. Watu wa Kipnuk hawaugusi, maana pasipoti zao ni za Marekani, na nadhani ni haki uwe hivyo. Deni lao linadaiwa Washington. Lakini wajumbe wetu wanaojadili masharti ya mfuko huo wanapaswa kuisoma Newtok sentensi kwa sentensi. Je, fungu litafunguka mmomonyoko wa pwani unapopimwa, au litangoja kimbunga? Je, kijiji chenye kura ya kuhama na ramani ya mahali papya kitaweza kuomba chenyewe, au kitapitia wizara tano? Je, fedha ikishapitishwa, uchaguzi mkuu unaweza kuifuta? Nchi ikijibu maswali hayo vibaya, wingi wa dola hautasaidia, kama ambavyo haukusaidia kwenye mdomo wa Kuskokwim. Na nchi inaweza kuyajibu vizuri hata kabla dola ya kwanza haijafika, kwa kuandika sheria zake za maafa upya ili ziitambue bahari inayosogea polepole na kuipa serikali ya kijiji kasma yake.

Baada ya dhoruba, familia za Kipnuk na Kwigillingok zilibaki na uamuzi wa kujenga palepale, kuhama pamoja au kutawanyika. Uamuzi huo unahitaji mambo matatu ambayo yanaweza kutolewa sasa hivi: vipimo vya udongo wa maeneo wanayoyataka wao, ofisi moja ya serikali kuu yenye dhamana ya kuhamisha vijiji, na bajeti ya miaka kumi inayosainiwa na halmashauri ya kijiji. Newtok waliyahitaji hayo tangu mwaka 1994.